Kufuli la Dakika Mbili

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwanza. Najua wewe ukipata barua yangu unaruka mistari ya juu ukitafuta balaa liko wapi. Leo usiruke. Mgongo unaendeleaje? Shemeji anasema ulimwandikia kwamba godoro la kambini ni sawa na kulala juu ya kokoto mnazozimwaga barabarani. Pole. Sisi huku tunaendelea vizuri. Mke wako ametoka wodini tangu Jumatano, anatembea hadi mlangoni na kurudi, na jana alinigombeza kwa kuacha ndoo njiani, kwa hiyo ujue amepona. Mtoto naye ananyonya kama aliyeambiwa kesho maziwa yamekwisha.

Barua yako nimeipata kwa dereva wa gari la kambi, na ndani yake ile bahasha ndogo unayotaka nimkabidhi fundi baiskeli mkononi, ya kumwambia ahame barazani kwako kabla ya mwezi kwisha. Umeandika kwamba mtu anayeifunga baiskeli ya mkunga kufuli ili aitwe kulikata hafai kukaa hata kwenye kivuli cha nyumba yako. Maneno makali, lakini una haki. Mkeo kajifungulia sakafuni, kapokewa mtoto na jirani mshona nguo ambaye hajawahi kupokea kitu kinachopumua, damu inamtoka, na mkunga anakuja mbio kwa miguu dakika arobaini, njia ambayo kwa baiskeli ni dakika kumi. Ningekuwa wewe ningeandika mabaya zaidi. Ila kabla hujamng'oa mtu mahali alipokaa miaka saba, nisikilize kidogo kuhusu makufuli. Najua utasema Redio kaanza. Ndiyo, nimeanza, vumilia.

Unajua kazi yangu ilivyo. Maduka ishirini na nane kabla ya saa nne asubuhi, yote yanataka mkate ukiwa bado una joto, na kila duka ni dakika mbili: teremsha, hesabu, cheka na mwenye duka, ondoka. Sasa ule mnyororo ulioniachia ni wa kumfunga fahali. Uupitishe kwenye gurudumu, uuzungushe kwenye fremu, utafute nguzo, ukimaliza mikono imejaa grisi na mteja anatazama vidole vyangu kisha anatazama mkate wake. Bosi wangu mwenye tanuri aliniuliza mbele ya watu kama ananilipa kusambaza mikate au kuitia baiskeli pingu. Mimi, mtu niliyekaa miji mitatu yenye bandari na nikabishana na mabaharia kwa lugha zao, naulizwa hivyo na mama mwenye unga kwenye nyusi.

Nikanunua kufuli dogo la ufunguo. Siku ya tatu ufunguo ukaangukia ndani ya kreti, kreti likaenda shuleni na mikate yake, na mimi nikaibeba baiskeli begani kukatiza soko zima huku wauza nyanya wakiniuliza inaumwa nini. Kaka, nilikasirika hadi nikataka kuwa mtu wa kutembea kwa miguu.

Fundi aliniona napita, akaniita. Akaniambia kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba mtu wa vituo vifupi, tena mchana kweupe mbele ya watu wanaomfahamu, hahitaji chuma cha kuzuia jeshi. Anahitaji kitu cha kumchelewesha mwenye tamaa ya ghafla tu. Akanionyesha lile kufuli la duara linalofungwa kwa boliti kwenye fremu, juu ya gurudumu la nyuma: ukishuka unasukuma kijiti, kinapita katikati ya spoku, gurudumu halizunguki, ufunguo unautia mfukoni, kwisha. Nikamcheka. Nikamwambia hilo ni kufuli la walimu wastaafu, mimi nimeona dunia. Nikaenda mjini kwenye duka lenye vioo, nikarudi na kebo ya kijani yenye namba nne, nikaizungushia utepe mwekundu ili watu wajue ni ya nani. Nilimpitishia fundi puani makusudi. Nikawaonyesha kinyozi, muuza nyama, hata mlinzi wa zahanati.

Basi kebo yenyewe nayo ni adha. Namba ndogo kama chawa, na ukiwa na haraka vidole vinakuwa vinene. Ila ilikuwa nyepesi, na sikutaka fundi aonekane alisema kweli, kwa hiyo nikaisifu kila mahali.

Sasa ile siku yenyewe. Asubuhi nilimwacha shemeji anafagia, mzima, anasema bado wiki mbili. Nikafika zahanati na mikate ya wagonjwa. Unaijua baiskeli ya mkunga: nyeusi, ya duka moja na yangu, kibebeo cha nyuma kile kile. Kreti nikishalishusha, hizo mbili huzitofautishi mpaka uvae miwani. Nilikuwa na kreti begani, mkono mmoja tu uko huru, na mdomo wote uko kwa mlinzi, namweleza jinsi wezi wa baiskeli wanavyofanya kazi kwenye miji ya bandari. Nikapitisha kebo bila kutazama, nikavuruga namba, nikaingia. Nikatoka baada ya dakika mbili zangu, nikakuta baiskeli yangu imesimama pale, haina kufuli; ile ya pembeni yake sikuitupia hata jicho.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri nimeibiwa kufuli. Nikajisemea huu mji una vichekesho, mwizi kaiacha baiskeli kachukua kebo. Nikapanda nikaenda zangu hadi kwa kinyozi, na kisa hicho nikakisimulia mara nne, kila mara kwa chumvi zaidi, watu wanashika mbavu. Simu yangu nilikuwa nimeiacha kwa bosi ikichajiwa. Saa ile ile, Kaka, mke wako alikuwa ameshika ukingo wa meza, na jirani anampigia mkunga.

Nadhani umeshaelewa. Ni mimi. Baiskeli ya mkunga niliifunga mimi, kwa kebo yangu, kwa mkono wangu wa kushoto, huku naongea upuuzi. Mkunga alitoka mbio na mkoba wake akakuta gurudumu limefungwa kwa namba asizozijua. Mlinzi alikuwa amekwenda kufungua geti la nyuma. Wakamwita fundi, akaja na msumeno wa chuma, akakata anavyoweza, kebo ile ina nyuzi za chuma ndani zinateleza. Mkunga alivyoona muda unakwenda akaitupa subira na kukimbia kwa miguu.

Fundi aliimaliza kuikata baadaye, akampa mkunga, na jioni hospitalini mkunga alinionyesha mimi kabla ya mtu mwingine, akaniuliza kama naijua. Utepe wangu mwekundu ulikuwa unanitazama. Nikasema siijui. Mimi Redio, mtu nisiyekosa neno, nilipata hilo moja tu.

Na si hilo peke yake. Muuza nyama ndiye aliyeanza kusema fundi kafunga mwenyewe apate kazi ya kukata, kwa sababu eti aliwahi mno kufika, tena na msumeno tayari. Alisema kwa mzaha, kama anavyosema kila kitu. Mimi nilikuwepo. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo, na nikaufungua kweli, nikasema lisemwalo lipo. Kutoka hapo likapata miguu. Limekufikia hadi kambini. Watu wakaacha kumpelekea pancha zao. Siku tisa nimempita pale barazani nikijitia nafunga kamba ya kiatu.

Leo asubuhi nikaenda kumpa bahasha yako. Nilidhani naweza. Nikakaa kwenye kopo lake la rangi, nikatia mkono mfukoni, na badala ya bahasha yakatoka haya niliyokuandikia, yote, hata lile la lisemwalo lipo. Alikuwa anabandika kiraka. Hakuinua kichwa mpaka gundi iliposhika. Kisha akasema alijua tangu siku ile, alipouona utepe, maana mimi ndiye niliyempitishia kebo hiyo puani. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia neno la mpangaji dhidi ya ndugu wa mwenye nyumba ni kuni za kumpikia mwenyewe, na kwamba alikuwa anangoja aone nitachukua siku ngapi. Hakunitukana. Ningeona afadhali anitukane, matusi ninayo ya kujibu.

Halafu alisimama, akatungua lile kufuli la duara ukutani, akaigeuza baiskeli yangu magurudumu juu na kulifunga kwa boliti mbili. Akasema hili zuri lake ni kwamba haliwezi kwenda kufunga baiskeli ya mtu mwingine.

Kutoka hapo nilikwenda kwa mkunga. Huyo alinitukana, nami nilisimama nikapokea yote. Shemeji nilimwambia mchana. Alimlaza mtoto kwanza, kisha akasema hili nikuandikie mwenyewe, yeye hatanisaidia hata herufi moja. Elimu yangu unaijua ilikoishia, usicheke mwandiko.

Kwa kinyozi nitakwenda kesho, saa ya watu wengi, muuza nyama akiwepo, niisimulie habari hii bila chumvi. Najua hawatacheka.

Bosi wangu amenionyesha kona kwenye stoo ya unga ninayoweza kulala. Vitu vyangu vimo kwenye mfuko mmoja, na chumba cha uani kwako nimekifagia. Sijakihama bado kwa sababu shemeji anahitaji mtu wa kubeba maji hadi apate nguvu, lakini neno ni lako.

Msalimie dereva, mwambie asinisubirishe na jibu. Mkunga anakusalimu, anasema mtoto ana uzito mzuri. Mshona nguo anakusalimu, bado anatetemeka akisimulia. Shemeji anakusalimu zaidi ya wote. Mwanao anafanana na wewe paji la uso, ndivyo wanavyosema wanaomshika. Mimi kila nikipewa nasema nina mafua.

Bahasha ya fundi nakurudishia humu ndani, sijaifungua. Futa jina lake uandike langu, tarehe ya kuhama iache kama ilivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Redio