Mlima Meru wa Sponji

Kaka Elia,

Shikamoo. Ningepanda mlimani nikuambie haya kaburini kwako, lakini mvua imeharibu njia, na mimi siwezi kungoja. Kaka, mlima umesimama! Meru yako imesimama juu ya meza!

Tangu ututoke, miezi minane sasa, ile reli yako ndogo ilikuwa imefunikwa shuka mezani hapa mjini, chumbani kwangu Levolosi. Treni ya mbao uliyoichonga, reli za waya, stesheni yenye paa la bati la kopo, vyote vipo. Nyuma yake patupu. Unakumbuka tulivyohangaika na mlima? Wa udongo ulipasuka. Wa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa muhogo ukaliwa na panya, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini: "Ndeshi, hata panya wanataka ardhi ya Wameru!"

Basi juma lililopita Baba alituma neno. Jumapili baada ya ibada angeshuka kuichukua meza akaipasue kuni. "Nikiiona hiyo meza namwona yeye." Kaka, sikumlaumu. Lakini nikaapa mlima usimame kabla hajafika.

Siku ileile nilipeleka foronya kwa Bibi Shirin, yule mama wa Kihindi ninayemshonea. Sasa anauza magodoro ya sponji, sufi imepitwa. Dukani vipande vimejaa hadi mlangoni. "Chukua, binti yangu, vinanizibia njia tu." Nikabeba gunia zima, pamoja na ubao mweupe, mwepesi kama maganda ya mahindi, uliokuja ndani ya boksi umeikinga redio yake mpya.

Nilianza na sponji ya njano, ile laini. Kosa! Kisu kikigusa, yenyewe inakimbia. Nikaipanga hivyo hivyo, mtu akipita mlangoni Meru yote inatikisika kama mtu anayezuia kicheko. Nikajaribu ule ubao mweupe. Ah, kaka! Unakatika safi, unasimama wima, na ukiukwaruza kwa kisu unapata mabonde yenyewe kabisa. Nilichonga mpaka chumba kikawa cheupe na nywele zangu nazo.

Halafu nikapaka gundi ya mpira, ile ya kubandikia soli.

Ukayeyuka. Mbele ya macho yangu ubao ukajikunja, ukanywea, ukabaki na shimo upande mmoja. Nililia. Siku tatu zimebaki na mimi nimeula mlima wako.

Nilipofuta machozi ndipo nikatazama vizuri lile shimo lilipo. Mashariki! Upande uleule ambao Meru yenyewe imebomoka, kule Ngare Nanyuki ulikonipeleka nikiwa msichana, ukanionyesha mlima ulivyo wazi ndani kama chungu kilichovunjika ubavu. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja akidhani nimeona nyoka.

Tangu hapo nilibandika kila kitu kwa uji wa ngano. Sponji yenye matundu makubwa niliichana, nikaipaka rangi ya kijani, ikawa msitu. Ile laini nikaisagasaga vidogo vidogo iwe majani ya chini.

Jumapili Baba akafika na kamba begani, ya kufungia meza. Nikavuta shuka. Akazunguka upande wa mashariki, akaingiza kidole ndani ya lile shimo, polepole, akakiacha humo.

"Nyumbani kwetu ni wapi?"

Nikamwonyesha, chini kidogo ya msitu.

"Mbona hapana kahawa?"

Nikasema sponji ipo, ila muda haukutosha. Akavua koti. Kaka, Baba yetu alikaa kwenye kigoda akachana sponji kwa mikono yake, akapanda kahawa mstari kwa mstari, akinigombeza: "Usibananishe! Kahawa inataka nafasi!" Alipofika mwisho wa shamba akasema, "Elia angepanda migomba katikati." Ndiyo mara ya kwanza kulitaja jina lako tangu tukuzike.

Amerudi mlimani mikono mitupu. Atakuja tena Jumapili, ameniambia nimtafutie sponji ya migomba, na mimi sijui hata nianzie wapi, nina furaha mno.

Pumzika, kaka yangu. Nakuahidi reli hii nitaifikisha Moshi, hata ikibidi niongeze meza ya pili na kulala chini yake.

Mdogo wako,
Ndeshi