Siku Kumi na Nne Rafuni

3 Machi

Mwanangu mkaguzi,

Hujambo? Sisi wazima, ukiondoa goti la mama yako, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mgonjwa ni kazi yangu. Miaka thelathini nafufua betri za asidi. Wiki hii nimefufua moja, tena ya kwangu mwenyewe. Pikipiki za umeme zimejaa mjini, zinapita kimya kama wadeni. Sina kinyongo, maana betri zake zinatoka kiwandani kwenu, na kila anayekanyaga karakana yangu namwambia ni binti yangu anayezipima. Mjomba wako anataka kununua moja abebee abiria. Anasema atanunua wewe ukisema ndiyo. Basi sema.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo baba,

Mpe mama pole ya goti. Mimi nipo, nimekonda kidogo, ingawa sare ya kiwanda inanisingizia zaidi. Tulianza na mtambo mmoja, sasa ni mitano, na nchi nzima inaagiza kwetu. Mwambie mjomba anunue. Kila betri ikishachajiwa mara ya kwanza tunailaza rafuni siku kumi na nne, kisha naipima tena. Yenye kasoro ndani hupoteza umeme taratibu, na mita inaiumbua. Nzima ndiyo napigia muhuri.

Mwanao

11 Juni

Shikamoo baba,

Natumaini hamjambo. Nimekawia, kazi nyingi. Mwambie mjomba asichajie betri ndani ya nyumba. Aichajie uani, mbali na ukuta. Hakuna tatizo, ni utaratibu tu.

Mwanao

24 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, ila barua yako ilikuwa fupi kama notisi ya kukatiwa maji. Mjomba wako alikuwa anachajia chini ya kitanda, anaogopa wezi. Mkewe analalamika kwamba betri inatunzwa kuliko yeye. Nilipomsomea maneno yako akaivuta, tukaikuta imevimba tumbo kama mwenyekiti wa kamati. Nikaiweka nyuma ya karakana, nikaizungushia mchanga. Siku ya tatu ikawaka yenyewe, saa nzima, maji hayakuiweza. Ina muhuri wako.

Haya mambo mapya siyajui vizuri. Ila utaratibu unaokumbukwa baada ya miezi mitatu, huo si utaratibu. Niambie.

Baba yako

30 Juni

Shikamoo baba,

Sina uso wa kuwauliza hali. Siku niliyokuandikia kuhusu siku kumi na nne, betri zilikuwa zinalala siku nne tu. Maagizo yalizidi rafu, na meneja akasema hizo kumi nyingine ni anasa. Nikapiga muhuri. Uliniuliza kwa fahari kubwa mno, nikashindwa kukwambia. Mjomba alalie moto ili mimi nisifiwe karakanani. Nisamehe. Nikisema hapa, kazi sina.

Mwanao

8 Julai

Mwanangu,

Mjomba wako mzima, na mkewe amerudishiwa heshima yake kitandani. Msamaha muombe yeye. Mimi nina mzigo wangu: watu ishirini na tatu wamenunua kwa sababu ya domo langu. Kumi na saba nimewafuata majumbani, nikawaambia watoe betri nje. Wanacheka. Mmoja akaniambia, "Mzee, umekosa wateja, sasa unatutisha." Kwa hali yangu ilivyo, hata mimi nisingejiamini. Wanauliza nimeyajuaje. Nawajibu nimesikia tu, nao wanazirudisha ndani.

Jina lako sijalitaja. Sita waliobaki nawafuata Jumatatu. Wakiniuliza, niseme nani?

Baba yako

12 Julai

Shikamoo baba,

Mama hajambo? Mjomba na mkewe hawajambo? Safari hii nauliza kweli.

Sema ni binti yako. Rudi na kwa wale kumi na saba. Wasomee barua yangu ya tarehe 30 yote, usiruke pale nilipokudanganya wewe. Nakala nimempa meneja mkononi asubuhi hii. Bado anaisoma, mimi nimesimama mlangoni.

Mwanao