Ng'ombe wa Mahari Ana Mwenyewe

Kaka Rajabu,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama alinifundisha kumwamkia aliyenitangulia kuzaliwa, si kwa sababu umeistahili. Afya yako siulizi. Mimi ni mzima, nina hasira tu. Naandika kwa kuwa namba yangu umeizuia kwenye simu yako. Barua hii nampa kondakta wa basi la Kondoa akukabidhi mkononi.

Nasikia kwenye vikao vya harusi ya mdogo wetu Idi unasema mimi niko Arusha nakanyaga dola. Basi sikia ninachokanyaga. Ile hoteli ya watalii kule Maji ya Chai, nilikokuwa nafua mashuka, ilifungwa wakati wa masika tukaambiwa tutaitwa. Huu ni mwezi wa tano tangu ifungwe, sijaitwa. Mshahara wa mwisho niliugawa siku ileile: kodi, chakula, na hela ya kutafutia kazi. Tangu hapo fungu moja halijagusa jingine. Televisheni nimeiuza. Mtungi wa gesi uko mtupu chini ya kitanda, napikia mkaa wa kupima kwa kopo. Hapa Olasiti wapo wanaokopesha, ile mikopo ya kausha damu. Nikiwaona nageuza shingo. Kupeleka barua za kuomba kazi mpaka Moshono nakwenda kwa miguu, ndala mguuni, viatu vizuri kwenye mfuko. Nikifika getini ndipo nabadilisha.

Na huko Moshono nimepata, kaka. Jikoni, shule ya bweni. Ila mwezi wa kwanza ni wa majaribio, hawalipi, wanakupa chakula cha mchana tu. Kodi yangu inaisha Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, na mama mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu kwa mkupuo. Aliniambia, "Mwanangu, mimi na wewe hatujagombana, ila hicho chumba kina watu wanakiulizia."

Sikuogopa. Nilikuwa na ng'ombe. Yule mwekundu niliyemnunua mnadani kwa mishahara yangu ya kwanza, nikamwacha zizini kwako awe akiba siku kazi ikikatika. Nikampigia shangazi Hawa, nikamwomba akwambie umuuze. Shangazi akashangaa.

"Mwanaidi," akasema, "si ndiye aliyekwenda kwenye mahari ya Idi? Sisi tulijua mmeelewana."

Mmeelewana! Kisha akaniambia la daftari la kamati. Mmeandika: Rajabu, ng'ombe mmoja. Na chini yake: Mwanaidi, bado. Kila kikao jina langu linasomwa na watu wanaguna, huyu wa Arusha mbahili gani. Nililia, nilipochoka nikatafuta karatasi.

Una roho mbaya, kaka. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote nilihofia wezi wa mifugo, sikumhofia mchungaji.

Msalimie mama, mwambie dawa yake ya miguu sijaisahau. Shangazi Hawa mpe ahsante yangu kwa kusema ukweli. Wifi, mke wako, mpe pole. Idi, bwana harusi, mwambie nampenda na sina neno naye, najua hakuambiwa.

Wewe nakuachia hili. Kodi ya miezi mitatu inifikie kabla ya Ijumaa, na jina langu lisahihishwe kwenye daftari. Isiponifikia, Jumamosi nitakuwa harusini, nimekaa mbele, karibu kabisa na wakwe. Mkianza kuwashukuru waliochangia, nitasimama niwaulize wakwe kama wanamjua mwenye ng'ombe waliyempokea.

Usijidanganye kwamba sina nauli. Ninayo, nimeifunga kwenye ncha ya kanga. Ndiyo hela pekee iliyobaki, na miezi mitano nimebania kila kitu. Hiyo sitaibania.

Mdogo wako,
Mwanaidi, mwenye ng'ombe.