Usimwage ya Juu

4 Machi

Mdogo wangu,

Mimi mzima, ila mgongo umenikaba. Shemeji na mimba yake wanaendeleaje? Sisi tunapishana tu: helikopta inayokuleta wewe huku kwenye jukwaa la mafuta baharini ndiyo inayonirudisha mimi bara. Basi nakuachia barua ndani ya foronya.

Maji tuliyoyatenga na mafuta, kabla hayajamwagwa baharini, mimi nayakuta na sehemu arobaini na moja za mafuta kwa milioni. Wewe, mashine ile ile, ishirini na sita. Kikomo ni thelathini. Mafuta hayajui zamu ya nani. Sampuli unaichukuaje?

Kaka yako

18 Machi

Shikamoo kaka,

Pole na mgongo. Shemeji yako hajambo, miguu tu imevimba.

Nachukua alivyonielekeza bosi wetu Kibiriti, kibiriti pekee kinachoruhusiwa jukwaani. Najaza chupa pomoni, namwaga ya juu hadi kwenye mstari, ndipo napima. Kuna kosa?

Mdogo wako

1 Aprili

Mdogo wangu,

Mpe shemeji pole ya miguu.

Kosa lipo. Mafuta yanaelea. Ukimwaga ya juu, umemwaga kile kile ulichotumwa kukipima. Kibiriti anajua. Juzi aliniita, akaniwekea namba zako mezani: "Ndugu yako mwenyewe anakusuta." Anatafuta sababu ya kunifukuza. Kazi hii niliianza kwa kuosha chupa za wenzangu, na wewe nikakuombea mwenyewe. Jaza mpaka mstarini, upime, uandike unachokiona. Mara moja tu inanitosha.

Kaka yako

15 Aprili

Shikamoo kaka,

Mtoto kazaliwa, wa kike. Mama yake bado amelazwa, damu haijatulia.

Nilipima ulivyosema. Arobaini na tatu. Kabla sijaandika, Kibiriti akaja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mke wangu anatibiwa kwa bima ya kampuni. Nikajaza chupa nyingine. Nikamwaga ya juu.

Mdogo wako

13 Mei

Shikamoo kaka,

Natumai mgongo umepata nafuu. Nilipokuwa bara niligonga kwako, taa inawaka, hukufungua. Sikulaumu. Hii nitaipitisha chini ya mlango wako. Mama na mtoto wametoka hospitali.

Leo helikopta imemshusha mtu aliyepewa nafasi yako. Mpole, ana bidii. Hata begi hajalitua, akaniuliza sampuli inachukuliwaje. Kibiriti alikuwa kasimama mlangoni.

Nikamwonyesha.

Mdogo wako