Kumngoja Bibi

Kwa Mzee Fakihi,
Nyuma ya soko, Temeke,
Dar es Salaam.
19 Julai 1970

Mpendwa Dada Anjelina,

Shikamoo dada. Habari za Bukoba, na habari za nyumbani kwako? Shemeji Gaudens hajambo? Ile homa ya mwanetu Demetria uliyoniandikia mwezi wa Aprili imekwisha, au bado mnampeleka zahanati? Mie mdogo wako sijambo, namshukuru Mungu. Kikohozi kilichonikamata tangu Pasaka kimeniachia, ila vumbi la huku likizidi hunikumbusha. Leo Jumapili nimetoka misa, nimeinjika maharage, nimekaa mlangoni na karatasi hii magotini.

Nilitaka nianze na habari nzuri nzuri kama ilivyo desturi. Lakini najijua, nikianza hivyo nitajaza karatasi nzima bila kusema kinachonikaba. Basi nisamehe nikisema moja kwa moja. Dada, nakuonea wivu. Nimekuonea wivu tangu mwezi wa Mei, wivu wa kukosesha hamu ya kula, na wifi yako Avelina ndiye aliyeuleta.

Unakumbuka uliniandikia kwamba mdogo wake shemeji amepangiwa kufundisha shuleni kwetu, nimpokee kama wa tumbo moja. Nilimpokea. Nilimtafutia chumba mtaa wa pili, nikamwazima ndoo na jiko, nikamwonyesha wapi samaki hachachi. Naye ni msichana mzuri, siwezi kusema uongo kwenye barua ya Jumapili. Ila anacheka kabla hujamaliza kusema. Anatembea kama shule ni shamba la migomba la baba yake. Wiki ya pili tu, watoto wa darasa la tatu walikuwa wakigombania kumbebea madaftari. Mie nipo hapa mwaka wa sita, nao wakiniona wanatafuta pa kuficha miwa.

Isitoshe, kila akikutaja anasema "dada yetu". Dada yetu alisema hivi, dada yetu hupika vile. Hilo neno "yetu" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nikijiuliza, lini nilikugawa?

Sasa sikiliza. Mwezi wa Aprili watoto walipigana bombani. Watoto wa Kizaramo waliwaita wa Kimakonde maneno mabaya kwa sababu ya chale za wazazi wao, wa bara wakaitwa watu wa kuja, mmoja akapasuliwa paji la uso na ndoo. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Benedikto, hakuwachapa. Alituita walimu, akasema Saba Saba mwaka huu kila darasa litacheza ngoma ya kabila fulani mbele ya Afisa Utamaduni, na hakuna mwalimu atakayefundisha ngoma ya kwao. Tujifunze ya mwenzetu kwanza, ndipo tuwafundishe watoto. Tukaokota vikaratasi kwenye boksi la chaki. Mie nikapata ngoma ya Wahaya, watu wa kwao Avelina. Avelina akapata ya kwetu sisi Wamwera.

Nilifurahi, dada, kwa ubaya. Nilijua atakuja kwangu kuniuliza. Nilifagia chumba, nikanunua sukari, nikakaa siku tatu nikimsubiri aje na unyenyekevu wake. Hakuja. Sukari ikaliwa na sisimizi.

Na angekuja ningemwambia nini? Wewe unajua. Nilipotimiza miaka minane nilipelekwa bweni la misheni, na kule ngoma ilikuwa dhambi ya kuungamwa. Likizo nikirudi nyumbani, watu wakienda ngoma ya mavuno, mama alinizuia nisije nikawaudhi masista. Wewe ulibaki na Bibi Hamisa kwa sababu ya mguu wake mbovu, alihitaji mtu wa kumtekea maji. Kijiji kizima kilisema mie ndiye niliyebahatika, wewe maskini umeachwa. Walidhani unanionea wivu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ni kinyume.

Mwishoni mwa Mei nilipita uwanjani mazoezi ya darasa la Avelina yakiendelea. Mzee Fakihi, mwenye nyumba wangu, alikuwa amekaa na ngoma yake. Huyu ni mchonga vinyago na mpigaji mzuri, mtu wa kusini kama sisi, na Mwalimu Mkuu alikuwa amemwomba awasaidie. Watoto arobaini walikuwa kwenye mduara, Wazaramo, Wamakonde, Wachaga, Wanyamwezi, wote khanga kiunoni. Nikatazama miguu yao, nikasimama.

Hatua mbili wanakwenda sawa. Ya tatu wanauvuta mguu wa kushoto, unachelewa, halafu bega la kulia linaruka juu kuuwahi. Watoto arobaini wazima wa afya walikuwa wakichechemea. Dada, alikuwa bibi yule. Alikuwa bibi akitoka kisimani, bibi akivuka uwanja kuja kunifungulia sanduku langu la bweni. Bibi ambaye hakupigwa picha hata moja, amesimama Temeke mara arobaini.

Nilisikia Avelina akiwaambia watoto, "Hapa tunamngoja bibi. Usikimbie, wewe. Mngoje bibi."

Wanafunzi wakaitikia, "Tunamngoja bibi."

Ungedhani nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikajilaza na viatu. Nilielewa mara moja alikoipata. Ulimfundisha wewe, kwenye ua wako huko Bukoba, mkimenya ndizi. Mie niliyezaliwa baada yako hukunifundisha hata kupiga makofi. Yeye, mtu wa juzi, alikuwa na mguu wa bibi yangu, nami nilikuwa na cheti cha ualimu.

Mwalimu Benedikto akaipenda sana ile hatua. Avelina alikuwa amemweleza kwamba maana yake ni kutomwacha mzee nyuma, naye akasema huo ndio ujamaa wenyewe, umekuwepo tangu mababu. Aliiandika kwenye hotuba yake. Ijumaa, wiki moja na ushee kabla ya sherehe, alitusomea hotuba ofisini ili tumsahihishe Kiswahili.

Hapo ndipo nilipofanya ninachotaka ukisikie kwangu kabla hujakisikia kwa mwingine.

Nilisimama nikasema, "Samahani, Mwalimu Mkuu. Wamwera hatuna hatua hiyo. Huyo ni bibi yangu mzaa mama. Alivunjika mguu akiwa msichana, ukaunga vibaya. Watoto wamefundishwa ukilema wa mtu mmoja, na mkiusimamisha mbele ya wageni kama mila yetu, watu wa kusini watatucheka."

Mwalimu mmoja alijaribu kucheka akaacha. Mwalimu Benedikto alikunja karatasi yake mara mbili. Avelina alinitazama, si kwa hasira, akasema, "Asante, dada yangu. Wewe ndiye mwenye ngoma."

Na nilichosema kilikuwa kweli, dada. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ningekuwa nimesema uongo ningeweza kwenda kuungama, padri akanipa sala tatu, yakaisha.

Wiki nzima Avelina aliwanyosha watoto. Niliwasikia kutoka darasani kwangu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, mguu chini, bega chini. Watoto walilalamika mwanzoni kisha wakazoea, kama watoto wanavyozoea kila kitu. Mie nilikuwa na Wahaya wangu, ambao kwa kweli waliruka kama wamekanyaga siafu, lakini wiki hiyo sikujali. Nilitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya Saba Saba uwanja ulijaa. Wazazi wa watoto waliopigana bombani walikaa benchi moja, na mama wa yule aliyepasuliwa paji alikuwa amembeba mtoto mdogo wa yule mama mwingine. Mwalimu Benedikto alisoma hotuba bila ile sehemu. Ngoma ya Wamwera ilipoingia, watoto walicheza vizuri, miguu yote pamoja, safi kabisa. Afisa Utamaduni alipiga makofi, akasema ngoma hii ipelekwe mkoani.

Nilitazama mwanzo mpaka mwisho. Nilimtafuta bibi katika kila mtoto, mstari wa mbele na wa nyuma. Hakuwepo. Nilimtoa mwenyewe, mbele ya watu, kwa Kiswahili sanifu.

Tulirudi nyumbani pamoja na Mzee Fakihi, ngoma yake begani. Tulipofika kwenye kona ya soko akaihamishia ngoma bega la pili. Akaniambia, "Mwalimu, ile hatua mliyoinyosha, mikono yangu ilikuwa imeshaizoea. Leo kila ikifika nilikuwa napiga pasipo na mtu." Akaingia ndani akanawe.

Nilivumilia mpaka Alhamisi ya wiki iliyofuata. Baada ya masomo nilimfuata Avelina darasani, nikamuuliza kwa nini hakuja kwangu tangu mwanzo, kabla hajawafundisha watoto.

"Nilidhani nitakufurahisha," akasema. "Nilitaka umkute bibi uwanjani bila kujua."

Nikamwambia mbona aliwadanganya watoto kwamba ni mila, wakati alijua ni mguu wa mtu. Akaweka chaki chini.

"Sikudanganya. Dada yetu hakukwambia? Wanawake wote wa kijiji chenu walikuwa wanachelewaga pale makusudi, bibi asibaki nyuma ya mduara. Walianza wakiwa wasichana wenzake, wakawafundisha mabinti zao. Dada yetu anasema hata mavuno yaliyofuata baada ya kumzika, walichelewa vile vile."

Nikakaa kwenye dawati la mtoto. Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza ofisini, wakati angeweza kuniumbua.

"Ningesemaje mbele za watu, dada, kwamba namjua bibi yako kuliko wewe?"

Hilo neno "yetu" safari hii halikunikwama. Kilichonikwama ni hayo mengine. Dada Anjelina, walimngoja. Miaka yote hiyo walimngoja, mpaka ikawa ndiyo ngoma yenyewe, na hakuna aliyeniambia. Bibi alipofariki nilikuwa chuoni, barua ilinifikia wiki tatu baadaye, na baada ya hapo mie nawe tuliandikiana juu ya mitihani yangu na harusi yako. Hukuniambia juu ya mavuno yale. Labda ulifikiri msomi hana haja na habari za ngoma. Labda sikuwahi kuuliza. Nimekaa na hili siku tatu na sijapata wa kumlaumu ila mmoja, na ndiye anayekuandikia.

Ijumaa hii iliyopita, watoto walipokwisha kuondoka, nilimwomba Avelina anifundishe. Ilinichukua mchana kutwa kulitoa neno hilo. Hakucheka, yeye anayecheka kila kitu. Tulisogeza madawati ukutani, akanipa khanga yake, akaniambia nisimame nyuma yake nitazame bega. Mguu wangu hautaki, dada. Unahesabu. Moja mbili tatu, kama masista walivyotufundisha kuandamana kwenda kanisani. Mara ya nne au ya tano, bega lake liliporuka, nilimwona bibi waziwazi, na miguu ikanigoma kabisa, nikabaki nimeshika dawati. Avelina hakugeuka nyuma. Alibaki pale pale kwenye hatua ya tatu, mguu wa kushoto umechelewa, akaningoja.

Jumatatu nitakwenda kwa Mwalimu Benedikto kumwambia nilichokosea, ili ngoma itakayokwenda mkoani iende kama ilivyokuwa. Atanikasirikia na ana haki. Avelina ameshasema watoto hawajasahau, wameficha tu.

Wivu wangu haujaisha, usidhani barua hii ni ya kuuzika. Ulikula na bibi sahani moja, ulilala naye chumba kimoja, ulicheza nyuma yake mpaka ukaushika mwili wake bila kujua. Mie nilirudi kila Desemba na sketi iliyopigwa pasi, nikapewa kiti kama mgeni. Ingekuwa mambo haya yanabadilishana, ningekuletea cheti changu kwa miguu mpaka Bukoba, nawe ungenipa mguu ule wa kushoto.

Nisalimie sana Shemeji Gaudens, mwambie mdogo wake anakula vizuri na ndizi za huku anazidharau. Msalimie mama mkwe wako, na Apolinari, na umbusu Demetria kwa niaba yangu. Mzee Fakihi anakusalimu ingawa hamjuani. Mungu awalinde nyote huko ziwani, awape shibe na amani, na amrehemu bibi yetu popote anapotembea sasa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea wivu,

Eufrazia