Dawa ya Ndama Aliyopewa Mama

Mtaa wa Chechelesi,
Isiolo.
14 Mei 1978

Mpendwa mjomba wangu, Abuya Abduba,

Leo Jumapili nimekaa kukueleza yote, bila kuficha wala kuongeza, hata yale ambayo watu wazima wameniambia niyaache.

Assalamu alaikum. U hali gani huko Mombasa, na kazi ya bandarini inakupa nafasi ya kupumzika? Mke wako Fosia ameacha kukohoa? Huku mvua imenyesha vizuri, hata Biliqo kumekuwa kijani. Ningependa kukuandikia habari za majani na maziwa tu, lakini ujumbe wako umefika.

Mahamud wa lori aliutoa sokoni, mbele ya watu: kwamba utakuja kumchukua dada yako pamoja na sisi watoto, na Umuro abaki na ndama wake. Baba alisikia. Alimshukuru Mahamud, akamnunulia chai. Tangu siku hiyo anakula kidogo sana.

Kwanza ujue kwamba Mama yu hai. Amelazwa hospitalini hapa mjini, na nimetoka kumwona sasa hivi.

Nilikuwa nyumbani Biliqo kwa likizo ya Aprili aliposhikwa na homa. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, hakuna lori lililopita. Baba alikuwa na vile vidonge vikubwa vyeupe vya salfa ambavyo huwapa ndama wanaoharisha. Mwaka huu vilituokolea ndama wengi, na unajua watu wetu: dawa iliyomsimamisha ndama huaminiwa kumponya hata mwenye ndama. Jirani yetu Gollo alikuwa amemeza, akapona. Basi Baba alivunja kidonge akampa Mama kipande, na siku zilizofuata akampa tena, na kila mara alimtafutia maziwa ya ngamia ya kumezea. Homa ikashuka. Tulifurahi.

Baada ya wiki moja hivi macho yake yakawa mekundu, midomo ikapasuka, na malengelenge yakamtoka kifuani na mgongoni. Kisha ngozi ikaanza kubanduka. Ilijikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka ukiuvuta kwa kijiko. Nisamehe kukuandikia hivyo, Abuya, lakini niliahidi. Hakuweza kumeza hata mate.

Watu walisema ni ndui. Alijengewa kibanda chake peke yake, kikazungushiwa miiba, na aliyeruhusiwa kuingia ni Akoo tu, mama yake Baba, kwa kuwa aliugua ndui zamani na makovu bado yako usoni. Akoo alimdondoshea maziwa mdomoni kwa kitambaa. Nilimsikia akimwambia, "Kunywa, binti yangu. Ndui naijua, haifanani na hii. Wewe umeungua bila moto."

Barabara ilipofunguka, Baba aliiondoa ile miiba kwa mikono yake akambeba Mama hadi kwenye lori la Mahamud. Abiria wengine walishuka wote. Wazee walimvuta Baba kando wakamwambia, "Umuro, huko hospitali unyamaze. Ukitaja dawa ya mifugo utafungwa."

Daktari aliuliza mgonjwa alikuwa amekula nini. Baba alifungua fundo la shuka lake, akatoa kipande cha kidonge kilichobaki, akasema kwa Kiborana, "Nilimpa hii. Kwa mkono wangu." Mimi ndiye niliyemtafsiria daktari. Maneno hayo yalipita mdomoni mwangu, kwa hiyo hakuna atakayeniambia hayakusemwa.

Daktari alimwonya vikali asimpe mtu tena dawa ya wanyama, maana hakuna anayejua kipimo chake. Lakini alisema pia kwamba salfa imo hata katika vidonge vya binadamu, na wako watu wachache ambao miili yao huikataa namna hii hata wakipewa kwa kipimo. Alikuwa karibu kumpa Mama dawa ya jamii hiyo hiyo. Aliiacha kwa sababu Baba alisema. Wewe na Mama ni wa tumbo moja, kwa hiyo tafadhali mweleze daktari wa huko kabla hujapewa salfa.

Sasa ngozi mpya inakuja, nyororo na yenye mabaka. Jicho la kushoto linaona. La kulia lina ukungu, na daktari anasema tungoje. Mimi nangoja kwa matumaini, kwa sababu juzi alitambua rangi ya leso yangu. Jana Baba alipofika na kibuyu Mama alimwuliza, "Leo umeleta maziwa, ama umeleta kamba ya kunifunga zizini?" Wagonjwa wa jirani walicheka. Baba naye alijaribu kucheka.

Nilimweleza Mama ujumbe wako kama ulivyokuja. Alisema, "Mwambie ndugu yangu nimeugua, sijafukuzwa."

Nisalimie Fosia na watoto, pia mzee Guleid anayekusomea hizi barua zikifika kwako. Akoo anakuombea, na mimi namwomba Mungu akufikishe kwetu ukiwa na afya na moyo uliotulia.

Baba amesema atakuja stendi kukupokea, hata kama utamtukana mbele ya watu. Abuya, nijibu kwa posta ya kwanza, kabla hujapanda gari: akikunyooshea mkono, utaupokea?

Mpwa wako akupendaye daima,
Kabale Umuro