Vitabu Vitatu Vilivyofika Ntoto

Kibabi, 6 Februari 1955

Papa yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku milimani bado haijanizoea. Je, ninyi huko? Mguu wa Mama umepona? Rafiki yako Papa Mbonigaba, anayenilea hapa, anakusalimu. Anasema maharage yamekomaa na bado anangoja ile nyama uliyomwahidi.

Papa, mwaka huu ninamaliza shule ya masoeur, hawa watawa, na ninataka kuendelea mpaka niwe mwalimu. Lakini Mama Supérieure, mkuu wao, anamwandikia kila msichana barua moja tu ya kumwombea nafasi, kwa shule moja tu. Shule hiyo ikinikataa, au nikiingia nikashindwa, ninarudi jembeni, kwa sababu mwakani nitakuwa nimepita umri. Ametupa vitabu vidogo vitatu vinavyoeleza shule, tuchague wenyewe. Kila kimoja kinajisifu kama bwana harusi. Nimekutumia vyote kwa mkono wa dereva wa lori la mawese. Najua husomi Kifaransa, lakini hujawahi kunipotosha njia.

Mtoto wako,
Euphrasie

Ntoto, 27 Februari 1955

Mwanangu Euphrasie,

Ninakuandikia nikiwa na afya. Mama yako anatembea tena, kwa hiyo anagombana tena. Mwambie Mbonigaba nyama haiji kwa kungojewa. Aje ashike wavu wa kuwindia.

Vitabu nimevipata, na moniteur Benoît, mwalimu wa hapa, amenisomea. Chekundu nimekiweka kando: hakitaki msichana aliyepita miaka kumi na minne, na wewe una kumi na mitano. Sitamdanganya padri umri wako kwa ajili ya shule. Cha bluu kilimpendeza sana Benoît. "Hii njo shule, Papa," alisema. "Ona vile bitanda iko safi."

Mimi vitanda sikuviangalia, nilihesabu vichwa kwenye picha. Darasa la kwanza, wasichana arobaini na mmoja. Darasa la mwisho, sita. Mwanangu, ukiona nyayo nyingi zinashuka bondeni na chache zinapanda, usiulize majani ya huko ni matamu kiasi gani. Kuna shimo. Cha tatu hakina hata picha moja, makaratasi yameshonwa kwa uzi tu, lakini kinaandika majina: kumi na tisa darasa la kwanza, kumi na saba la mwisho. Chukua hicho.

Papa yako,
Athanase

Kibabi, 20 Machi 1955

Papa,

Nimefurahi kusikia Mama anagombana. Sisi hapa hatujambo, tumevuna.

Nimesoma barua yako mara tatu, nami naomba ruhusa ya kubishana. Wale arobaini na mmoja wameingia mwaka huu. Wale sita waliingia zamani, mwaka wa 1951. Labda wakati ule shule ilikuwa ndogo, wakaingia saba tu. Papa, umelinganisha nyayo za leo na za juzi. Mimi nilipofanya hivyo tukapoteza nguruwe, ulinipiga kofi la kisogoni.

Basi nilimwomba Mama Supérieure vitabu vya 1951. Alishangaa. "Ile ya zamani ni ya nini? Imekwisha kufa." Lakini alinitafutia, karatasi zake nyingine alikuwa anafunikia chupa za jamu. Shule ya bluu: waliingia thelathini na wanane, wamebaki sita. Shule ya uzi: waliingia kumi na wanane, na kumi na saba ndio hao hao walio darasa la mwisho leo. Nimewafuata jina kwa jina katika nakala ya mwenzangu. Aliyekosekana anaitwa Vestine, ameolewa kilima cha pili kutoka hapa, nikamwendea. "Kule banafundisha mpaka unasikia, unaelewa kabisa," aliniambia. "Mimi hawakunifukuza. Bwana njo alinitoa."

Kwa hiyo ulisema kweli, Papa, ila kwa bahati.

Mtoto wako mbishi,
Euphrasie

Ntoto, 11 Aprili 1955

Mwanangu,

Tu wazima, na mvua ni nyingi. Kwa bahati, unasema. Nimewasomea barua yako wenzangu wa wavu baada ya misa ya Pasaka. Walinicheka hadi nikatafuta pa kukaa. Hata Barthélemy, ambaye hajawahi kumsifu mtu, alisema, "Ule mutoto iko mwindaji."

Nimewinda miaka thelathini, na mtoto wangu amenionyesha kosa ambalo mimi humpigia mtu. Sijawahi kufurahia kushindwa namna hii. Peleka barua kwenye shule ya uzi, na usingoje.

Papa yako,
Athanase

Shuleni, ng'ambo ya Kisangani, 16 Oktoba 1955

Papa na Mama,

Nimefika salama, siku kumi na moja kwa lori na kwa meli ya mtoni. Afya ni nzuri, chakula ni kingi, maji yana ladha ya majani. Katika hesabu nimekuwa wa pili. Wa kwanza anaitwa Adelaïde, nitamshughulikia.

Papa, kuna jambo linanichoma. Katika kile kitabu cha uzi, ukurasa wa mwisho, imeandikwa kwamba wanaotoka mbali hawarudi nyumbani mpaka wamalize. Ni miaka minne. Niliusoma Februari kabla ya kukutumia, na sikukuambia. Niliogopa utasema nichukue ya bluu kwa kuwa iko karibu. Nilipowaaga mwezi wa nane nilijua, nikanyamaza. Mama akilia, mwambie kosa ni langu. Nisameheni.

Mtoto wenu,
Euphrasie

Ntoto, 4 Desemba 1955

Mwanangu,

Sisi ni wazima. Barua yako imefika jana.

Benoît alinisomea vitabu vile vyote, hata jina la mpiga chapa. Ukurasa wa mwisho aliusoma mara mbili. Kisha akasema, "Papa, huyu mutoto hautamuona miaka ine." Mama yako alikuwa hapo anamenya mihogo. Alimenya mpaka mihogo ikaisha. Halafu akasema, "Usimuandikie ile. Akijua tunajua, atachagua ya karibu juu ya kutuhurumia."

Siku hiyo hiyo nilikuandikia: chukua hicho. Kwa hiyo hakuna wa kusamehewa, au tuko watatu. Mwezi wa nane tulikupungia mkono pale barabarani, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile.

Nina hamu yako sana. Ninajivuna kwa ajili yako mpaka wenzangu wamechoka kunisikia. Mama yako analia sasa ninapoandika, na mimi barua hii nimeianza mara mbili. Usirudi kabla ya kumaliza.

Papa yako,
Athanase